Chakula cha Nyumbani, Ugenini

SOMO LA HISTORIA KWA MADARASA YA WATU WAZIMA

Kila mmoja awe na daftari na kalamu. Msaidizi wa darasa aandike ubaoni maneno matatu: lokanta, maharage, daftari. Tutayasoma pamoja kabla ya kuagana.

Watu wengi wakisikia neno historia hufikiri vita, wafalme na mikataba. Leo tutasoma historia ya kitu kidogo ambacho kila mmoja wetu anakijua. Tutasoma habari za hoteli ndogo ya mtaani, yaani mahali ambapo mtu aliye mbali na jiko lake huketi kwenye benchi, akala, akalipa, kisha akaenda zake kazini. Na hoteli tutakayoitazama kwanza iko mbali sana na hapa. Iko katika nchi ya Uturuki.

Huenda mtu akauliza, "Sisi watu wa Itigi tuna haja gani na hoteli za Uturuki?" Swali hilo ni zuri, na jibu lake li karibu. Mwezi wa Desemba 2021 serikali yetu ilitia sahihi mkataba na kampuni ya Uturuki iitwayo Yapı Merkezi, ili ijenge kipande cha reli mpya kutoka Makutupora mpaka Tabora. Njia hiyo yapita Itigi. Basi watu wa nchi mbili zilizo mbalimbali wamekutana juu ya reli moja. Na watu wakifanya kazi pamoja, neno la kwanza huwa ni salamu, na la pili huwa ni chakula.

TUINGIE NDANI YA LOKANTA

Haya, tufunge safari kwa mawazo. Tuko katika mtaa wa kawaida wa mji wa Uturuki, mathalan Konya au Istanbul. Ni saa sita mchana. Mafundi wameweka nyundo chini, makarani wametoka ofisini, na madereva wameegesha magari. Wote wanaelekea kwenye chumba kimoja chenye meza chache. Mahali hapo panaitwa lokanta. Waturuki wana jina hasa kwa lokanta ya namna hii. Huiita lokanta ya esnaf, yaani ya mafundi na wafanya biashara ndogo ndogo.

Mlangoni hakuna haja ya kusoma orodha ndefu ya vyakula. Masinia ya chakula yamepangwa mbele ya macho yako, yanatoa moshi. Unamwonyesha mpishi kwa kidole: hiki, na hiki, na kidogo cha kile. Anakupakulia. Unaketi popote penye nafasi, hata kama jirani yako humjui. Mkate u mezani tayari, na maji pia.

Kuna nini katika masinia? Kuna mchuzi wa dengu uliopondwa ukawa laini. Kuna bilinganya zilizopikwa na nyama ya kusaga. Kuna bamia katika nyanya. Kuna maziwa yaliyogandishwa, nayo hula pamoja na chakula. Wakiyachanganya na maji na chumvi kidogo, huyanywa, na kinywaji hicho hukiita ayran. Wagogo na Wanyaturu, ambao wamekunywa maziwa ya mgando tangu enzi za mababu, hawatashangaa hapo.

Lakini kuna sinia moja ambalo halikosekani. Ni maharage meupe makavu. Mpishi huyaloweka usiku kucha. Asubuhi hukaanga vitunguu, hutia nyanya iliyokaushwa ikawa nzito, kisha huyaacha maharage yachemke polepole mpaka yalainike bila kupasuka. Mwenye uwezo hutia nyama kidogo. Chakula hicho huitwa kuru fasulye, maana yake ni maharage makavu tu. Nacho huliwa na wali uliokaangwa kwanza kwa siagi, na pembeni vitunguu vibichi au achari.

Ndugu zangu, chakula hiki tukikiita kwa lugha yetu, tutakiitaje? Darasa lijibu kwa sauti.

Naam. Ni wali na maharage, na pembeni kachumbari. Chakula ambacho hapa kwetu mtu hukila akiwa hana fedha nyingi, ndicho ambacho Mturuki hukitaja akiulizwa chakula cha kwao ni kipi.

MANENO YALIYOSAFIRI

Kabla ya kuendelea, tufanye zoezi la maneno. Nitataja neno la Kituruki, nanyi mtaje la Kiswahili. Wao husema pilav, sisi twasema pilau. Wao kebap, sisi kababu. Wao bamya, sisi bamia. Wao kahve, sisi kahawa. Wao helva, sisi halua. Wao sini, sisi sinia. Neno lao la chai huandikwa çay, lakini hutamkwa chai vilevile kama letu. Duka wao huliita dükkân.

Je, Waturuki walitufundisha maneno haya? La. Wala sisi hatukuwafundisha wao. Maneno mengi kati ya haya yalitoka kwa Waarabu na Waajemi, na chai ilianzia Uchina. Yalisafiri pamoja na bidhaa na vyombo. Mengine yakaenda kaskazini mpaka Anatolia, ambayo ndiyo nchi kubwa ya Uturuki iliyo upande wa Asia. Mengine yakashuka kwa jahazi mpaka pwani yetu. Ni kama mbegu za mti mmoja zilizoanguka katika mashamba mawili.

Na maharage je? Hayo yalisafiri mbali zaidi. Maharage haya, pamoja na mahindi, nyanya na pilipili, asili yake ni Amerika. Kabla ya mwaka 1492, wakati Christopher Columbus alipovuka bahari, hapakuwa na Mturuki wala Mwafrika aliyewahi kuyaonja. Baadaye mabaharia na wafanya biashara waliyatawanya duniani. Katika jiko la Uturuki nyanya ilipata nguvu katika karne ya 19 tu. Kwetu mahindi yaliingia baada ya Wareno kufika pwani yetu mwaka 1498, na taratibu yakakaa karibu na mtama na uwele wa zamani.

Basi mtu akisema, "Hiki ndicho chakula cha kwetu tangu asili," tumsikilize kwa heshima, lakini tukumbuke jambo moja. Chakula cha nyumbani si lazima kiwe kimezaliwa nyumbani. Ni kile ambacho mama alikipika mara nyingi mpaka ulimi ukakizoea.

MSAFIRI ALIYEKULA PANDE ZOTE MBILI

Kuna mtu mmoja wa zamani aliyekula pwani yetu na akala pia Anatolia. Jina lake Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier katika Moroko. Mwaka 1331 alifika Mogadishu, kisha Mombasa na Kilwa. Mogadishu alipokewa kwa wali uliopikwa kwa samli, ukiwa katika sahani kubwa ya mti, na juu yake mchuzi wa kuku, nyama, samaki na mboga. Alipewa pia ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu pamoja na maziwa ya mgando. Alikumbuka vyakula hivyo hata baada ya miaka mingi, alipokaa kusimulia safari zake.

Muda mfupi baadaye akaenda Anatolia. Huko alikuta vyama vya vijana mafundi, na kila mkuu wa chama aliitwa ahi. Mchana vijana walifanya kazi zao za mikono. Jioni walileta walichochuma, wakanunua vyakula, wakala pamoja katika nyumba ya chama. Mgeni akifika mjini, alikuwa mgeni wao mpaka aondoke, wala hakudaiwa senti.

Katika mji ambao leo huitwa Denizli, lilimpata jambo la kutisha, kisha la kuchekesha. Alipopita sokoni, watu walitoka madukani mwao wakashika hatamu za farasi wake. Kundi jingine likaja kuwazuia, wakaanza kugombana, na wengine wakachomoa visu. Ibn Battuta hakujua lugha yao. Alidhani ni wanyang'anyi na kwamba mwisho wake umefika. Mungu akamleta mtu aliyejua Kiarabu. Akaelezwa ya kuwa hao ni vijana wa vyama viwili, na kila chama chataka yeye awe mgeni wao! Mwishowe walipiga kura. Chama kilichoshinda kikamkaribisha kwanza, na cha pili baadaye.

Twajifunza nini hapo? Twajifunza ya kuwa kumlisha mgeni lilikuwa jambo la heshima kabla halijawa biashara. Baadaye mafundi wa miji ya Uturuki walikuwa na vyama vyao vya kazi, na neno esnaf latoka huko. Leo katika lokanta mteja hulipa. Lakini mkate unaokaa mezani na maji yanayomiminwa bila kuombwa ni adabu ya ugeni iliyobaki ndani ya biashara.

MGUNDA MKALI

Sasa tuiache Uturuki kwa muda, turudi hapa tulipo. Je, zamani msafiri aliyepita nchi hii alikula wapi?

Kabla ya reli, njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Tabora, na kuendelea mpaka Ujiji. Kati ya Ugogo na Unyamwezi palikuwa na nyika kubwa yenye vichaka vizito, maji machache na vijiji vichache. Wasafiri waliiita Mgunda Mkali. Vichaka vya Itigi, ambavyo wataalamu wa miti wanavijua mpaka nchi za mbali, vimo katika nyika hiyo. Richard Burton na John Speke walipita mwaka 1857. Henry Stanley alipita mwaka 1871. Majina yao yameandikwa vitabuni. Lakini waliovuka nyika hiyo kila mwaka, tena wakiwa na mizigo mabegani, walikuwa wapagazi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi.

Hapakuwa na hoteli. Mpagazi alipewa posho, na kipimo chake kilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku. Wapagazi walijigawa makundi madogo, kila kundi na sufuria yake au chungu chake. Jioni mmoja alitafuta kuni, mwingine maji, mwingine akasonga. Nyika ilipokuwa ndefu, chakula kilibebwa juu ya mizigo. Kikiisha kabla ya kufika kijiji chenye nafaka, watu walilala njaa, na wagonjwa waliachwa njiani.

Kwa hiyo neno posho, ambalo bado twalitumia, si neno la mzaha. Lilikuwa mpaka kati ya kufika na kutofika. Tazameni pia kwamba lile kundi la sufuria moja halikuwa mbali sana na nyumba ya ahi. Watu wasio ndugu walifanywa ndugu na chungu kimoja.

RELI YA KWANZA NA MATUMBO YA WAJENZI

Mwaka 1905 Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Dar es Salaam. Mwaka 1907 ilifika Morogoro. Mwaka 1912 ilifika Tabora, na mwaka 1914 Kigoma, umbali wa kilometa 1,250 hivi. Kati ya Morogoro na Tabora ilipenya katika Mgunda Mkali, na hapo ndipo stesheni ya Itigi ilipopata mahali pake.

Kampuni iliyojenga iliitwa Philipp Holzmann, ya Frankfurt. Sasa sikilizeni vizuri. Kampuni hiyo hiyo, katika miaka hiyo hiyo, ilikuwa ikifanya kazi katika dola la Uturuki. Ilishiriki kujenga reli ya Baghdad iliyoanzia Konya, na ndiyo iliyojenga stesheni kubwa ya Haydarpaşa katika Istanbul. Kwa hiyo zaidi ya miaka 100 iliyopita, Itigi na Konya zilikuwa tayari zimefungwa kwa kamba moja, ingawa mtu wa Itigi hakujua habari za Konya, wala wa Konya hakujua habari za Itigi. Wakati ule wageni wa Ulaya walijenga reli pande zote mbili. Safari hii wajenzi wageni wametoka Uturuki wenyewe.

Reli haijengwi kwa chuma tu. Maelfu ya vibarua, wengi wao Wanyamwezi na Wasukuma, walichimba, walibeba kokoto na kulaza mataruma. Kila mmoja alikuwa na tumbo. Mahesabu ya reli hutaja kilometa, madaraja na gharama. Hayataji masufuria. Lakini hakuna kilometa hata moja iliyojengwa na mtu mwenye njaa. Kila kambi ilipowekwa, palihitajika mtu wa kuleta unga, mtu wa kutwanga, na mtu wa kupika. Kambi ilipohama, mara nyingine jiko lilibaki, na karibu na jiko pakabaki mji.

Hivyo ndivyo miji mingi ya reli ilivyokua. Itigi ni mfano mzuri. Ina stesheni, na ina njia ya magari iendayo kusini kupitia Rungwa mpaka Chunya na Mbeya. Mahali ambapo watu hushuka katika chombo kimoja na kungoja kingine, lazima pawe na chai. Penye chai hutokea chapati. Penye chapati hutokea maharage. Na penye maharage, kesho yake kuna wali. Mwenye kuuza chai amekuwa mwenye hoteli bila kutangaza.

MAMA LISHE NA CHAKULA CHA NYUMBANI

Abiria waliosafiri kwa gari la moshi katika reli ya kati wanaijua stesheni ya Saranda, iliyo katika mkoa wetu huu wa Singida. Huwaambii habari za madaraja yake. Watakuambia habari za kuku. Wauzaji, wengi wao akina mama na vijana, walikimbilia madirishani na vyombo vichwani. Mkono mmoja ulitoa kuku na mwingine ukapokea fedha, kabla honi haijalia. Hiyo pia ilikuwa hoteli, ila haikuwa na ukuta wala benchi.

Mijini, akina mama waliopika kando ya njia walikuja kuitwa mama ntilie, yaani "mama, nitilie chakula". Siku hizi wengi husema mama lishe. Jina la pili ni la adabu zaidi, lakini la kwanza lina ukweli wake. Mtu mzima, pengine mwenye ndevu, anasimama na sahani na kusema maneno ambayo mtoto humwambia mama yake.

Hapa tena tutazame Uturuki. Kwa muda mrefu wapishi wa lokanta za esnaf walikuwa wanaume, mafundi waliojifunza kazi tangu utoto. Lakini siku hizi mitaani kuna vyumba vidogo vyenye maandishi mlangoni yasemayo ev yemekleri. Maana yake ni vyakula vya nyumbani. Wenye vyumba hivyo mara nyingi ni wanawake. Wanapika yale waliyopika jikoni kwao, ila sufuria imekuwa kubwa. Mteja wao ni mwanafunzi aliyepanga chumba, au mfanyakazi aliyeacha familia kijijini. Huyo ni mama lishe kabisa, isipokuwa lugha.

Katika nchi zote mbili kazi hii imedharauliwa kwa sababu moja. Watu husema, "Kupika ni kazi ya kila mwanamke, basi kuna ujuzi gani?" Lakini anayepika kwa watu 40 lazima ajue bei ya gunia la maharage, na ajue litatoa sahani ngapi. Lazima ajue mkaa utadumu siku ngapi, wateja wangapi watakuja siku ya mvua, na nani alikula jana bila kulipa. Hayo si mapishi tu. Ni hesabu, ni akiba, na ni siasa ya kuishi na watu.

DENI NA DAFTARI

Tumefika mahali penye uzito. Hoteli ndogo haiuzi kwa fedha taslimu tu. Huuza pia kwa mkopo. Kibarua hulipwa mwisho wa wiki au mwisho wa mwezi, lakini njaa haingoji mwisho wa mwezi. Basi husema, "Mama, niandikie." Mishahara ikija kwa wakati, wote wanafurahi. Ikichelewa, mzigo haukai kwa kibarua peke yake. Humwangukia yule mama, kwa maana mwenye duka la unga naye anamdai. Na kazi ya ujenzi ikihama, mdaiwa aweza kuhama nayo.

Waturuki wanalijua jambo hili vizuri. Wenye maduka na lokanta za mitaa waliandika madeni katika kitabu waitacho veresiye defteri, yaani daftari la mkopo. Sikieni lile neno: defter. Ni ndugu wa daftari letu. Zamani palikuwa na desturi katika mwezi wa Ramadhani: mtu mwenye mali aliingia katika duka la mtaa asiojulikana, akauliza lipo daftari la madeni? Kisha akalipa kurasa kadhaa na kwenda zake. Mdaiwa hakujua ni nani aliyemlipia, wala mlipaji hakujua alimlipia nani. Aibu haikumgusa mtu.

Lakini desturi hiyo haikuwezekana bila jambo moja. Deni lilikuwa limeandikwa. Deni lililo kichwani tu huleta ugomvi, na katika ugomvi maskini wawili hutukanana. Deni lililoandikwa laweza kukumbushwa kwa upole, kulipwa kidogo kidogo, au kusamehewa kwa hiari.

Sasa tuchukue kalamu. Tupige mistari ukurasani ili tupate nafasi tano: tarehe, jina la mteja, alichokula, alicholipa, na baki. Tuseme sahani moja ni shilingi 2,000. Mteja amekula mara 6. Je, amekula cha shilingi ngapi? 12,000. Jumamosi ameleta shilingi 7,000. Baki ni ngapi? 5,000. Mteja naye atie sahihi au alama pembeni. Ukurasa huo mmoja, ukiandikwa na mkono wako mwenyewe, ni mali. Hakuna atakayekuambia, "Mama, umesahau."

RELI MPYA NA SISI

Reli mpya ni pana kuliko ya zamani. Ya zamani ina upana wa milimeta 1,000 kati ya chuma na chuma, na mpya ina milimeta 1,435. Treni yake ni ya umeme na yaenda kwa kasi. Mwaka 2024 ilianza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam mpaka Morogoro, kisha mpaka Dodoma. Hilo ni jambo la kufurahia. Lakini mwanafunzi wa historia hutazama pia upande wa pili. Treni yenye viyoyozi na iendayo kwa haraka haisimami kungoja kuku apite dirishani. Biashara ya dirishani, iliyosomesha watoto wengi wa mkoa huu, haitahamia huko yenyewe.

Wapagazi walipita, na vyungu vyao vikapoa. Kambi za reli ya kwanza zilipita. Kambi za wajenzi wa reli mpya nazo zitapita. Kitakachobaki ni kile kilichojengewa mlango: hoteli yenye meza safi, maji ya kunawa, chakula kinachofahamika, na daftari linalosomeka. Lokanta za esnaf zimedumu Uturuki katika zama za magari ya farasi, ya moshi na ya umeme. Hazikudumu kwa kuwa na vyakula vya fahari. Zimedumu kwa sababu fundi akiingia saa sita mchana anajua atakuta maharage, anajua bei yake, na mwenye lokanta anamjua yeye.

Itigi ina asali, ina kuku, ina alizeti yenye kutoa mafuta, na ina watu waliozoea wageni. Kisichotosha bado ni hesabu. Na hicho, ndugu zangu, ndicho tunachojifunza katika darasa hili.

MASWALI YA MAZUNGUMZO

1. Taja vyakula vitatu vya lokanta ya Kituruki vinavyofanana na vya hapa kwetu.

2. Kibaba kilikuwa kipimo cha nini? Uliza wazee wa mtaa wako kama walikitumia.

3. Je, ni haki hoteli kumkopesha mteja ambaye mshahara wake umechelewa? Mwenye hoteli ajilinde vipi bila kumvunjia mtu heshima?

4. Andika ukurasa mmoja wa daftari la mauzo ya siku moja, ukitumia bei za hoteli iliyo karibu nawe.

Haya, tusome sasa maneno yetu ya ubaoni kwa pamoja: lokanta, maharage, daftari. Vizuri. Kazi ya nyumbani ni ile ya swali la nne, na msaidizi wa darasa ataisahihisha kabla ya somo lijalo. Kwa herini.